Kichwa cha Muireann, Wivu wa Sorcha

Nyumbani kwa akina Heffernan, siku huanza na ng'ombe. Baba Malachy huamka kukiwa bado giza, akaenda kukamua. Mama Noreen hupika uji wa shayiri. Huko juu ghorofani, Sorcha na mdogo wake Muireann hugombania bafu.

"Toka humo! Unajipamba kwa ajili ya nani?" Sorcha hupiga kelele mlangoni.

"Kwa ajili ya mashabiki wangu," Muireann hujibu.

Muireann hutania tu. Lakini mashabiki anao kweli, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma Sorcha.

Wote wawili walisoma shule ya sekondari ya Kilbrannagh. Sorcha alikuwa na miaka kumi na saba. Muireann alikuwa na kumi na tano. Wote walicheza kamogi, mchezo wa wasichana wa fimbo na mpira mdogo mgumu. Hapa kwetu Tipperary, nchini Ireland, mtoto wa kike hushika fimbo hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sorcha ndiye aliyeanza kucheza. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuupiga mpira kwenye ukuta wa zizi, jioni baada ya jioni. Kisha mwaka huu Mwalimu Tuohy, kocha wao, alitaja kikosi cha shule. Muireann aliwekwa mbele, kwenye nafasi ya kufunga. Sorcha aliwekwa benchi.

"Utakuwa mchezaji wetu wa akiba," Mwalimu Tuohy alimwambia. "Timu inahitaji watu wa akiba wazuri."

"Sawa, Mwalimu," Sorcha alisema. Moyoni hakuwa sawa hata kidogo.

Kulikuwa na jambo lingine lililomzidishia machungu. Sorcha ndiye aliyeandika habari za michezo katika jarida la shule. Kila Ijumaa jarida lilitoka, na kila Ijumaa ilibidi amsifu mdogo wake. Wiki moja alishindwa. Aliandika hivi: "Bao la pili lilipatikana mwishoni mwa mchezo."

Mwalimu Tuohy, aliyesimamia pia jarida hilo, aliisoma darasani, akavua miwani.

"Lilipatikana? Lilipatikana wapi, Sorcha? Lilikuwa limepotea?"

Darasa zima lilicheka.

"Nani alifunga?"

"Muireann," Sorcha alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi mwandike. Jina la mtu haliumi."

Sorcha aliandika. Liliuma.

*

Nusu fainali ilichezwa Jumanne yenye manyunyu. Uwanja ulikuwa matope matupu. Sorcha alikaa benchi, koti limefungwa hadi kidevuni.

Karibu na mwisho, mpira ulipigwa mbali, kwenye lango la upande wa pili. Watu wote waligeuka kuutazama. Sorcha hakugeuka. Alikuwa akimtazama mdogo wake, kama alivyomtazama siku zote, akingoja akosee.

Ndipo alipoona. Msichana mmoja mkubwa wa timu pinzani alikuja mbio kuufuata mpira. Bega lake lilimgonga Muireann upande wa kichwa. Muireann alianguka chini, akalala tuli. Kisha alipiga magoti, akashika kofia yake ngumu kwa mikono miwili. Alisimama. Aliyumba kama mtu aliyeshuka kwenye bembea.

Refa hakuona, na Mwalimu Tuohy naye hakuona. Mchezo uliendelea, na shule ya Kilbrannagh ikashinda.

Ndani ya basi wasichana waliimba njia nzima. Muireann aliketi dirishani, kimya.

"Tumeshinda?" alimuuliza dada yake.

"Hee! Kwani wewe ulikuwa wapi? Ndiyo, tumeshinda."

"Aa, vizuri."

Basi lilipita daraja. Muireann alimgeukia tena.

"Sorcha, tumeshinda?"

Safari hii Sorcha hakucheka.

Walipofika nyumbani, Muireann alikataa chakula. Alisema taa ya jikoni inamchoma macho. Baadaye Sorcha alimsikia akitapika bafuni. Alimkuta amekaa sakafuni, uso mweupe kama maziwa.

"Uligongwa kichwani. Nilikuona," Sorcha alisema.

"Si kitu. Nimekula vibaya."

"Hujala chochote, Muireann."

"Nimesema si kitu! Usimwambie mtu. Fainali ni Jumamosi." Kisha Muireann alimtazama dada yake kwa jicho kali. "Au ndicho unachotaka? Mimi nitoke, wewe uingie?"

Sorcha alihisi kama amechomwa sindano. Aliondoka, akafunga mlango.

Usingizi ulichelewa kuja. Alijiona uwanjani Jumamosi, amevaa jezi ya mchezaji wa mbele, watu wakiliita jina lake. Picha hiyo ilikuwa tamu. Utamu wake ndio uliomwogopesha. Je, alitaka kusema kwa sababu mdogo wake anaumwa? Au kwa sababu aliitaka ile jezi? Hakujua, akanyamaza.

*

Siku iliyofuata, spika za shule zilitangaza asubuhi: "Hongera kwa timu yetu ya kamogi! Na hongera za pekee kwa Muireann Heffernan!" Madarasa yote yalipiga makofi. Muireann aliziba masikio.

Wakati wa mapumziko Sorcha alimkuta kwenye ngazi, amefumba macho. Alikuwa analia kwa sababu ya hesabu.

"Zilikuwa rahisi," Muireann alisema. "Jana nilikuwa nazijua. Leo namba zinaogelea."

Jioni hiyo Sorcha hakuweza tena. Aliwaambia wazazi mezani, Muireann akiwa ameshapanda kulala.

"Mama, Muireann aligongwa kichwani. Anatapika. Anasahau. Asicheze Jumamosi."

Mama Noreen aliweka kijiko chini taratibu.

"Mbona yeye hajaniambia?"

"Kwa sababu anataka kucheza."

"Na asipocheza, nani anaingia?"

Sorcha aliinamia sahani yake.

"Nakuuliza. Nani anaingia?"

"Mimi."

"Haya." Mama alitikisa kichwa. "Sorcha, mwanangu, mimi si kipofu. Nimekuona tangu mwaka uanze. Akisifiwa, unanuna. Picha yake nikiibandika kwenye friji, unaifunika kwa sumaku. Huo ni wivu, na wivu wa ndugu ni mbaya."

"Lakini Mama..."

"Mtoto amechoka. Ana fainali. Nani asingeumwa kichwa?"

Baba Malachy aliongeza, kwa upole wake, "Na alikuwa amevaa kofia ngumu, sivyo? Zile kofia zimetengenezwa kwa kazi hiyo."

Sorcha aliinuka, akatoka nje bila koti. Machozi yalimtoka kwa hasira. Hasira mbaya zaidi ilikuwa hii: mama yake alikuwa amesema kweli. Picha kwenye friji aliifunika. Wivu alikuwa nao. Sasa nani angemwamini?

*

Jirani yao wa karibu ni Dympna Hackett. Ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, kwenye chumba cha dharura. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mbwa watatu wasiomtii. Alhamisi alikuwa na mapumziko. Sorcha aliposhuka kwenye basi la shule alikwenda kwake moja kwa moja.

"Karibu, binti! Wapige teke hao mbwa, hawaumi. Una nini? Sura hiyo si ya mtu mwenye fainali."

Sorcha aliketi. Alianza mbali.

"Bi Dympna, mtu mwenye wivu akisema jambo, linaweza kuwa kweli?"

"Jambo gani?"

"Muireann aligongwa kichwani Jumanne. Lakini mimi nina wivu naye. Ninao kweli. Asipocheza, mimi ndiye ninayeingia. Kwa hiyo Mama anasema..."

"Ngoja, ngoja." Dympna aliinua mkono. "Sikukuuliza kama una wivu. Alitapika?"

"Ndiyo. Usiku ule."

"Alisahau vitu?"

"Aliniuliza mara mbili kama tumeshinda. Na hesabu zimempotea. Mwanga unamuumiza. Kelele pia."

Dympna hakucheka tena. Alikuwa ameshachukua koti lake.

"Wivu wako tutaushughulikia siku nyingine," alisema. "Hauui mtu. Kichwa kilichogongwa kinaweza. Twende."

*

Walimkuta Mama Noreen akipiga pasi jezi ya Muireann. Muireann alikuwa amejilaza kwenye kochi la jikoni, mto usoni. Baba alikuwa akivua buti mlangoni.

"Noreen, jirani yangu, niwie radhi nikuingilie," Dympna alisema. "Nataka kumwona huyu mtoto."

Aliketi karibu na Muireann. Aliongea naye taratibu.

"Muireann, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Leo ni Alhamisi, mpenzi. Nusu fainali mlicheza na nani?"

Muireann alifungua mdomo. Alifikiri. Alimgeukia mama yake.

"Mama, sikumbuki," alisema. "Sikumbuki kipindi cha pili chote."

Pasi ilibaki hewani mkononi mwa Mama.

"Lakini alikuwa na kofia!" Baba alisema.

Dympna alichukua yai moja kwenye trei, akalitikisa karibu na sikio la Baba Malachy.

"Ganda limevunjika?"

"Hapana."

"Lakini ndani kumetikisika. Kichwa kiko hivyo hivyo. Kofia ngumu inalinda fuvu lisipasuke na ngozi isichanike, na ni lazima avae. Lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani. Huu unaitwa mtikisiko wa ubongo. Hauna kidonda. Hauna damu. Wengi hawazimii hata kidogo. Ndiyo maana watu wanaudharau."

"Utampitia," Mama alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Utampitia, ndiyo, akipumzika. Wengi hupona vizuri kabisa. Hatari ni hii, Noreen. Ubongo ukiwa bado haujapona, ukigongwa tena, hata pigo dogo, unaweza kuvimba. Mtoto anaweza kufa uwanjani. Au akabaki na ulemavu. Mimi nimepokea watoto wa namna hiyo. Sitaki kumpokea huyu."

Mbwa mmoja wa Dympna alikuwa amewafuata. Alikwaruza mlango, hakuna aliyemfungulia.

"Nifanye nini?" Mama aliuliza.

"Leo hii hii aonwe na daktari. Alipaswa kupelekwa Jumanne. Mtu akigongwa kichwa na akaonyesha dalili hata moja, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Yeye hawezi kujipima. Kinachopimia ndicho kilichoumia. Na usimwache peke yake. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akisinzia akawa haamki, akitetemeka mwili, au mkono ukilegea, usingoje daktari wa kijiji. Ita gari la wagonjwa."

Muireann aliondoa mto usoni.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi utakaa chini, mpenzi. Na Jumamosi nyingine kadhaa."

Muireann alimtazama Sorcha. Macho yalikuwa mekundu.

"Umefurahi?" alisema. "Umepata ulichokitaka. Chukua! Chukua na jezi, Mama ameshakupigia pasi!"

Sorcha alitaka kusema hapana. Lakini asingekuwa mkweli, kwa hiyo alikwenda kumtafutia mdogo wake koti la kwendea kwa daktari.

*

Daktari alisema yale yale. Muireann apumzike nyumbani siku za mwanzo. Simu na televisheni ziwe kidogo sana. Alale akitaka kulala. Akianza kujisikia nafuu, atembee taratibu, arudi shule kwa saa chache, kisha siku nzima. Kukimbia baadaye. Mchezo wa kugongana uwe wa mwisho kabisa, tena kwa ruhusa ya daktari. Dalili zikirudi, arudi nyuma hatua moja.

Shuleni habari zilienea haraka. Wengine walimhurumia Muireann. Wengine walikuwa na maneno yao.

"Mwizi wa jezi kafika," Eimear, kapteni wa timu, alisema Ijumaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Sikuiba."

"Ulimchongea mdogo wako. Siku mbili kabla ya fainali. Mwingine angengoja mpaka Jumapili."

"Jumapili tungekuwa makaburini," Sorcha alisema, akafunga kamba za viatu.

Jumamosi Kilbrannagh nzima ilikuwa uwanjani. Sorcha alivaa ile jezi. Alikuwa ameiota mwaka mzima, na sasa ilimkaa kama ya kuazima. Alicheza vizuri kuliko alivyotarajia. Alipata pointi moja, kwa kuupitisha mpira juu ya lango kati ya milingoti, halafu nyingine. Mwishoni kabisa, wakiwa nyuma kwa pointi moja tu, walipewa pigo huru. Mwalimu Tuohy alimwashiria Sorcha apige.

Alipiga. Mpira ulipanda juu, ukaelea, ukapita nje ya mlingoti.

Filimbi ilipulizwa. Walishindwa.

Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Eimear alisema, si kwa sauti kubwa, ila ya kusikika, "Muireann angelifunga lile."

*

Muireann alikuwa ametazama mechi kutoka ndani ya gari la baba yake, amevaa miwani ya jua. Jioni alimkuta Sorcha zizini, akiwarushia ndama nyasi kavu kwa hasira. Alisimama mlangoni.

"Nina neno."

"Sema. Wote wameshasema. Wewe ungelifunga."

"Ningelifunga, ndiyo," Muireann alisema. "Lakini si hilo. Ulipopata ile pointi ya kwanza, watu wakashangilia, mimi niliomba uteleze. Ile ya pili niliomba uvunjike mguu. Nilikuonea wivu, Sorcha. Ilikuwa jezi yangu ile!"

Sorcha aliacha kurusha nyasi.

"Ukaomba nivunjike mguu?"

"Mmoja tu. Kidogo."

Sorcha alianza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo.

"Karibu, mdogo wangu. Mimi nimekaa hapo mwaka mzima. Kiti bado kina joto."

Muireann naye alicheka, kisha akakishika kichwa. "Usinichekeshe, kinauma." Alikaa kwenye rundo la nyasi. Akawa mzito tena. "Unajua, niliogopa. Siku ile nilipomwambia Dympna ni Jumatano. Ningeingia uwanjani hivyo hivyo. Nisingemwambia mtu."

"Najua."

"Kama nawe ungenyamaza, leo ningekuwa wapi?"

Sorcha hakutaka kulifikiria. Aliketi karibu naye. Ndama walikula.

Baadaye aliuliza, "Naweza kuandika habari yako kwenye jarida? Ukikataa, siandiki. Kichwa ni chako."

Muireann alichomoa unyasi kwenye nywele zake.

"Andika. Weka dalili zote. Hata kutapika. Lakini usiseme nililia kwa sababu ya hesabu."

Sorcha aliandika ukurasa mzima. Matokeo ya fainali aliyaweka chini, kwa mistari michache, pamoja na pigo lake lililopita nje. Hesabu hakuzitaja.

Wiki hiyo hiyo msichana wa mpira wa kikapu alimwendea Mwalimu Tuohy, akamwambia kwamba kichwa kimekuwa kikimuuma tangu alipoanguka. Mvulana mmoja wa raga alifuata. Wote walipelekwa kwa daktari, na wote walisimamishwa kucheza mpaka wapone. Mwalimu mkuu alimwalika Dympna azungumze na shule nzima. Alikuja na trei ya mayai.

Mwalimu Tuohy aliweka utaratibu mpya kwa timu zote. Mchezaji akigongwa kichwa, anatoka. Mtu yeyote aliyeona anaweza kusema: mwenzake, mzazi, hata mpinzani.

"Na mimi sitamuuliza ana nia gani," Mwalimu Tuohy alisema mbele ya timu. "Nitamwangalia aliyegongwa." Eimear aliinamisha uso. Baada ya mazoezi alibeba begi la Sorcha hadi kwenye basi.

Mama Noreen alichukua muda mrefu zaidi. Majira ya kuchipua yalifika. Muireann alikuwa amepona kabisa na daktari alikuwa amemruhusu. Siku ya mechi yake ya kwanza, Sorcha alirudi benchi. Mama alishuka jukwaani, akakaa karibu naye, akampa kikombe cha chai.

"Sorcha, nilikukosea. Nilisema ni wivu. Nisamehe, mwanangu."

Sorcha alipuliza chai.

"Ulikuwa wivu, Mama. Mpaka sasa ninao, tena leo umezidi. Ila alitapika."

Mama alimtazama binti yake. Alicheka, akamkumbatia kwa mkono mmoja, chai ikamwagika kwenye makoti yao wote wawili.

Uwanjani, Muireann alidaka mpira, akageuka, akapiga. Nyavu zilitikisika. Moyo wa Sorcha ulibanwa kama kawaida yake. Kisha aliruka juu ya benchi, akapiga ukelele ambao Baba Malachy, upande wa pili wa uwanja, aliusikia akajua ni nani.